Alteneta haikuibwa: jinsi gari la haibridi linavyochaji betri yake ndogo

Mama mmoja mwalimu wa hapa Bukavu, mkazi wa Nguba, ameniandikia hivi:

"Muzee, jambo. Mwezi wa tatu nilinunua Toyota Aqua ya 2013, imetoka Japani kupitia Dar es Salaam. Inakunywa mafuta kidogo sana, kwa hilo nashukuru. Lakini ikilala siku tatu bila kutembea, asubuhi haiwaki. Taa za dashibodi zinachezacheza kisha zinazima. Vijana waliisukuma kwenye mteremko, haikuwaka. Fundi wa mtaa alifungua boneti, akatafuta alteneta, hakuiona. Akaniambia iliibwa njiani, na kwamba atanifungia ya Corolla kwa dola 120. Tena nasikia magari haya yanajichaji yenyewe yakiteremka. Bukavu yote ni miteremko. Sasa kwa nini betri yangu inakufa? Na je, nimpe fundi hiyo pesa?"

Mama mwalimu, usitoe hiyo pesa. Hakuna aliyekuibia alteneta, ile mashine inayochaji betri katika gari la kawaida, si Dar es Salaam wala njiani. Aqua ni haibridi, yaani gari la mafuta na umeme pamoja: haikuwa na alteneta hata siku ilipotoka kiwandani, na starta, ile mota ya kuwashia injini, pia haina. Kwa upande huo gari lako halijapungukiwa na kitu. Kinachokusumbua ni kingine, na hakitatibika kwa kuongeza mashine juu ya mashine.

Kwanza nimtetee fundi wako, maana sidhani kama alitaka kukudanganya. Mtu aliyefungua mamia ya Corolla, Carina na Hiace anajua kwamba kila injini ina mkanda, na mkanda huo unazungusha alteneta. Akikuta injini isiyo na mkanda hata mmoja, atafikiri kuna kilichotolewa. Prius ya kwanza iliyoletwa kwangu niliizunguka na tochi karibu nusu saa nikitafuta kitu hichohicho. Usiku ule sikulala mpaka nilipoelewa kile nilichokuwa nakitazama. Toyota walianza kuuza Prius huko Japani Desemba 1997, lakini kwetu magari haya yamekuja yakiwa mitumba, bila kitabu cha Kifaransa wala cha Kiswahili, na mafundi wameachwa wajifunzie kwenye magari ya wateja. Mpe haya nitakayoandika ayasome. Kazi iliyobaki yeye mwenyewe anaiweza.

Gari lako lina betri mbili. Kubwa iko chini ya kiti cha nyuma: moduli 20 za nikeli, kila moja volti 7.2, zimefungwa kwa mfuatano hadi kufika volti 144. Hiyo ndiyo inayosaidia kuvuta gari. Ya pili ni betri ya kawaida ya risasi na asidi, volti 12, ndogo kuliko ile uliyozoea kuiona chini ya boneti. Nayo imefichwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Madereva wengi wa Aqua hawajui hata kama ipo. Kazi yake ni zile kazi za betri ya kila gari: taa, honi, redio, vioo, kufunga na kufungua milango, na zaidi ya yote, kuamsha kompyuta za gari. Unapoona taa za dashibodi zinachezacheza, anayelalamika ni hii ndogo. Ile kubwa inaweza kuwa imejaa vizuri na gari bado likagoma.

Betri kubwa nani anaichaji? Ndani ya giaboksi kuna mashine mbili za umeme, Toyota wanaziita MG1 na MG2, zimeunganishwa na injini kwa gia. Kila moja inaweza kuwa mota na inaweza kuwa jenereta. MG1 ndiyo inayozungusha injini ili iwake, kwa hiyo starta haihitajiki; injini ikishawaka, MG1 inageuka kuwa jenereta. MG2 inazungusha magurudumu, na ukikanyaga breki au ukiachia mafuta kwenye mteremko, magurudumu ndiyo yanayoizungusha yenyewe, nayo inazalisha umeme. Umeme wa mashine hizi mbili unaenda kwenye betri kubwa. Kwa hiyo waliokuambia kwamba gari linajichaji likiteremka wamesema kweli. Ila wameishia nusu ya njia, kwa sababu hapo tumeijaza betri kubwa tu.

Ili umeme utoke kwenye volti 144 ufike kwenye betri ya volti 12 lazima upite mahali pa kupunguzwa. Fikiria kabini ya SNEL, shirika la umeme, iliyoko mtaani kwenu. Umeme wa Ruzizi unasafiri kwenye waya kwa volti elfu nyingi, na ungeingia nyumbani hivyo ulivyo ungechoma kila kitu; kabini inaupunguza hadi 220, ndipo unawasha taa. Gari lako nalo lina kabini yake. Fungua boneti: lile boksi la rangi ya fedha lenye waya nene za rangi ya chungwa ni inveta, na ndani yake kuna sehemu inayoitwa konvata ya DC (DC ni umeme wa upande mmoja, kama wa betri). Hiyo ndiyo inayofanya kazi ya alteneta katika gari lako.

Hapa mfano wa kabini unafika mwisho, na ningependa uelewe ni kwa nini, kwa sababu fundi atakuuliza. Ndani ya kabini ya mtaa kuna transfoma, na transfoma hupitisha umeme unaogeuka mwelekeo tu, ule wa kwenda na kurudi. Umeme wa betri haugeuki; unatiririka upande mmoja kama maji ya mto. Ukiupeleka kwenye transfoma hivyohivyo, upande wa pili hakitoki kitu, isipokuwa joto na moshi. Ndiyo maana konvata inaanza kwa kuukatakata. Transista, yaani swichi ndogo za umeme, zinafungua na kufunga njia makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, mara upande huu, mara upande ule, mpaka umeme wa betri unakuwa wa kwenda na kurudi. Hapo ndipo unaingia kwenye transfoma na kutoka ukiwa umepungua. Kisha dayodi au transista nyingine zinaunyoosha tena uwe wa upande mmoja, koili na kapasita zinatuliza mawimbi yaliyobaki, na kwenye waya wa betri ndogo inafika volti 14 hivi.

Kifaa cha aina hiyohiyo unacho nyumbani. Chaja ya simu inachukua volti 220 za ukutani, inazinyoosha ziwe kama volti 310 za upande mmoja, inazikatakata kwa kasi, inazipitisha kwenye kitransfoma kidogo kama kipande cha sukari, na simu inapata volti 5. Chaja za zamani zilikuwa nzito kama jiwe kwa sababu transfoma yake ilifanya kazi kwa mwendo wa SNEL, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiongeza kasi ya kukatakata, transfoma inaweza kuwa ndogo na nyepesi. Ndiyo maana konvata ya gari lako, inayoweza kutoa nguvu zaidi ya kilowati moja, inakaa ndani ya boksi unaloweza kulibeba mikononi.

Sasa hesabu kidogo, najua mwalimu hutakataa. Tuseme usiku wa mvua umewasha taa kubwa, waipa, feni ya ndani, na usukani wa umeme unakata kona. Vyote pamoja vinaweza kula ampea 70 kwa volti 14, yaani wati 980. Kwa betri kubwa ya volti 144, nguvu hiyo ni kama ampea 7 tu, ongeza kidogo kwa umeme unaopotea njiani kama joto. Betri kubwa wala haioni mzigo. Tena konvata nzuri inapoteza kama sehemu moja ya kumi tu ya umeme unaoingia, wakati alteneta ya mkanda hupoteza mara nyingi theluthi moja mpaka karibu nusu ya nguvu inayoichukua kwenye injini. Halafu alteneta inategemea injini iwe inazunguka. Katika Aqua injini inazima kwenye foleni ya Feu Rouge, na taa, redio na usukani vinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu konvata haiulizi injini iko macho au imelala. Inachohitaji ni betri kubwa iwe imeunganishwa.

Na neno hilo, "imeunganishwa", ndilo linaloeleza asubuhi zako mbaya.

Ukizima gari, betri kubwa inakatwa kabisa na kila kitu. Kuna rilei nzito, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme, zinazokata njia yake, na waya za rangi ya chungwa hazipati tena umeme wake. Wametengeneza hivyo kwa usalama, ili ajali ikitokea au fundi akifungua boneti asikutane na volti hizo. Lakini rilei hizo zinafungwa, njia iunganike tena, kwa nguvu ya nani? Ya betri ndogo. Ukikanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwasha, betri ndogo inaamsha kompyuta, kompyuta zinakagua hali, kisha zinaamuru rilei zifunge. Inaanza moja inayopitia kwenye kizuizi ili kapasita za inveta zijae polepole, kama mtu anayefungua bomba kwa tahadhari, halafu inafunga ile ya njia kuu. Ukitega sikio unasikia ta-ta nyuma yako, chini ya kiti. Hapo taa ya READY inawaka, konvata inaanza kazi, na kuanzia sekunde ile betri ndogo inachajiwa. Kabla ya READY haichajiwi hata tone.

Kwa hiyo betri kubwa ni ghala lililojaa mahindi na betri ndogo ni ufunguo wa mlango. Ufunguo ukivunjika, utakufa njaa mlangoni na ghala limejaa.

Kuna jambo moja la magari haya ambalo limewatesa watu wengi hapa mjini. Katika Corolla, betri ikianza kuchoka inakuambia: asubuhi starta inazunguka kwa uvivu, ng'o... ng'o... ng'o, nawe unajua siku zake zinahesabika. Starta inahitaji ampea mia na zaidi. Betri ndogo ya Aqua haizungushi injini. Inaamsha kompyuta na kufunga rilei tu, kazi ya ampea chache. Kwa hiyo hata ikiwa imechoka sana, gari litawaka vizuri kabisa Jumatatu, litawaka Jumanne, na Jumatano halitatoa hata sauti. Watu husema "jana ilikuwa nzima". Haikuwa nzima, haikuwa na namna ya kulalamika. Betri hizi nyingi zikifika miaka minne au mitano inafaa kuzipima hata kama gari halijagoma.

Sasa kwako. Umesema ikilala siku tatu inakufa. Mshukiwa wangu wa kwanza ni betri yenyewe. Gari lililonunuliwa mnadani Japani hukaa uwanjani, likapanda meli, likakaa bandarini, likasafiri barabarani, likasimama tena likisubiri mnunuzi. Miezi hiyo yote saa ya dashibodi na mfumo wa kufuli vinanyonya betri kidogo kidogo na hakuna anayeichaji. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa muda mrefu, sahani zake zinaota ganda gumu la salfeti, na haiwezi tena kubeba kile ilichobeba ikiwa mpya. Unaichaji, inaonekana imejaa, kumbe uwezo wake umebaki robo. Kama muuzaji hakukuonyesha betri mpya, jihesabu kwamba unatembea na ile iliyovuka bahari.

Mshukiwa wa pili ni kifaa kilichoongezwa. Je, gari lina alamu ya kufungwa baadaye, redio iliyobadilishwa, au kile kidude cha kufuatilia gari kwa simu? Gari likiwa limezimwa na kompyuta zake zimelala, linatakiwa kunyonya chini ya ampea 0.05. Betri ya ampea-saa 30 ingehimili unyonyaji huo saa 600, yaani siku 25. Kidude kilichofungwa vibaya kikinyonya ampea 0.5, betri hiyohiyo inakwisha kwa saa 60, siku mbili na nusu. Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyo karibu na siku zako tatu.

Wa tatu ni mazoea yetu, na samahani mama, hili nimelikuta kwa wateja wangu zaidi ya mengine yote. Mtu anakaa ndani ya gari akisubiri watoto watoke shule. Anabonyeza kitufe bila kukanyaga breki, redio inawaka, anachomeka simu, pengine anawasha na feni. Anadhani gari limewaka, kwa sababu Aqua ikiwaka kweli nayo iko kimya vilevile. Halikuwaka. READY haionekani popote, na kila wimbo unaousikiliza unatoka kwenye ile betri ndogo peke yake. Kama unataka kukaa na redio, kanyaga breki, washa mpaka READY, weka P, vuta breki ya mkono. Injini itawaka yenyewe kwa dakika chache betri kubwa ikipungua, kisha itazima tena. Na kwenye foleni usikae muda mrefu ukiwa N. Ukiwa N mashine zile mbili haziwezi kuzalisha, lakini konvata inaendelea kuchota kwenye betri kubwa. Weka D na breki, au P.

Ongeza na safari fupi. Kutoka Nguba mpaka shuleni ni dakika kumi, labda kumi na tano. Betri ya risasi iliyoshuka sana hainywi haraka. Mwanzoni inapokea vizuri, kisha inapokea kidogo kidogo, na kujaa kabisa kunachukua saa nyingi. Dakika kumi za READY zinairudishia ulichotumia kuwasha na ziada kidogo, haziponyi betri iliyokuwa tupu. Na mteremko hausaidii hapo. Uwe unapanda Kadutu au unashuka kuja Nyawera, konvata inapeleka volti zilezile 14 hivi kwenye betri ndogo. Mteremko unajaza ghala, na ufunguo unapata fungu lake lilelile. (Ukiteremka mteremko mrefu na vijiti vya betri kwenye dashibodi vikajaa vyote, ukasikia injini inaunguruma bila wewe kukanyaga mafuta, usiogope. Betri kubwa imeshiba, na gari linaizungusha injini ili kupata breki ya kuzuia mwendo. Ukiweka gia kwenye B itafanya hivyo mapema zaidi, na kwa miteremko yetu naisifu sana B.)

Nikiacha mengine yote, hili la kusukuma nakuomba usilirudie. Bukavu tumezoea: betri ikifa, vijana watatu, mteremko, gia ya pili, achia klachi, gari limewaka. Aqua haina klachi ya kuachia. Rilei zikiwa wazi, ungeisukuma mpaka Uvira isingewaka. Na kuna hatari mbili. Magurudumu ya mbele yakizunguka yanaizungusha MG2, nayo inazalisha umeme wakati mfumo mzima umelala. Ndiyo maana gari hili likivutwa, magurudumu ya mbele yanapaswa kuinuliwa kutoka chini. Hatari ya pili inanitisha zaidi: nguvu ya breki na wepesi wa usukani vinatoka kwenye umeme. Betri ikiwa imekufa, pedali inakuwa ngumu na gari halisimami ulivyozoea. Kwenye mteremko wa Bukavu, pembeni kuna mamá wauza ndizi na watoto wa shule. Tafadhali, likizimika liache lilale palepale.

Kuliamsha ni rahisi kuliko unavyofikiri. Toa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango, vuta boneti. Kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, ukiondoa kifuniko, utakuta kifuniko kidogo chekundu, na chini yake kuna kichwa cha chuma kilichowekwa kwa kazi hii tu. Huna haja ya kung'oa kiti. Waya mwekundu unafungwa hapo, waya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini au bodi, mbali kidogo na betri. Subiri dakika tano, kanyaga breki, washa. READY ikitokea, ondoa waya mara moja; konvata imeshachukua kazi. Kwa sababu hakuna starta ya kuzungusha, huhitaji hata gari la jirani. Betri ya volti 12 ya sola, ile inayokuwashia taa wakati wa delestaji, umeme ukikatwa, inatosha kabisa.

Mambo mawili tu usikosee. Usikubali kamwe kusaidiwa na Fuso au lori lolote la volti 24. Na waya zisibadilishwe nyekundu kwa nyeusi, hata kwa kugusa tu. Nimewahi kupokea Prius iliyofanyiwa hivyo kwenye garaji moja gizani, saa mbili usiku, mvua ikinyesha: fyuzi kuu iliungua na konvata ikafa nayo, na mwenye gari alisubiri inveta ya mtumba kwa wiki sita. Kwa sababu hiyohiyo usiitumie Aqua kumwashia jirani gari lake. Starta ya Land Cruiser inavuta umeme ambao konvata yako haikutengenezwa kuutoa kwa mkupuo.

Ukibadilisha betri, usichukue yoyote yenye maandishi 12V. Hii yako iko ndani ya chumba cha abiria, chini ya kiti wanapokaa watoto. Betri ya risasi inapochajiwa inaweza kutoa hidrojeni, gesi inayowaka, na betri ya maji ya kawaida inatoa pia mvuke wa asidi. Ya kwako inatakiwa iwe ile iliyofungwa, yenye tundu la kuunganishwa na kibomba kinachopeleka gesi nje ya gari. Nimeona Aqua zilizowekewa betri ya pikipiki, nyingine betri ya gari la kawaida iliyofungwa kwa kamba ya mpira, kibomba kimeachwa kinaning'inia. Simama hapo mwenyewe fundi anapoifunga, ukione kibomba kikiingia kwenye tundu lake kwa macho yako. Na wakati kiti kimeinuliwa, mwambie asiguse waya za rangi ya chungwa. Kubadilisha betri ya volti 12 hakuhitaji kuzikaribia. Anayetaka kufika huko lazima azime gari, atoe plagi ya usalama akiwa amevaa glovu za umeme, na asubiri dakika 10 kapasita zimalize umeme wake. Bila hivyo hiyo si kazi ya garaji la mtaa.

Alteneta ya Corolla sasa nadhani unaiona mwenyewe. Injini ya Aqua haina mkanda. Hata pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi ni za umeme. Hakuna puli ya kuizungusha wala mahali pa kuifunga. Hata angebuni namna, ingezalisha wakati injini iko macho tu, ikichoma mafuta ambayo ulinunua Aqua ili kuyaokoa, huku ikishindana na konvata kwenye waya uleule. Na betri iliyochoka ingebaki imechoka.

Je, konvata yenyewe haifi? Inakufa, lakini mara chache, na ikifa haifichi: taa ya onyo inawaka ukiwa unaendesha, na mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu mara nyingi inaonyesha P0A08 au jirani yake. Kinachoiua ni zile waya zilizogeuzwa, au joto. Boksi la inveta lina maji yake ya kupoza, na chombo chake kidogo tofauti na rejeta ya injini. Angalia kiwango chake mara kwa mara, na gari likiwa READY chungulia kama maji yanatikisika ndani. Yakiwa yametulia kama ziwa alfajiri, pampu yake haifanyi kazi.

Fundi wako asije akachukulia kwamba kila gari lililoandikwa haibridi liko hivi. Nissan Serena S-Hybrid na baadhi ya Suzuki ndogo zina mashine moja ya mkanda inayowasha injini na kuchaji pia, kwa hiyo huko akiitafuta ataipata. Note e-Power, na hata Leaf isiyo na injini kabisa, zinafuata njia ya Aqua: betri kubwa, konvata, betri ndogo.

Sasa mwite na multimita yake, apime kwenye kile kichwa cha chini ya kifuniko chekundu, aniandikie namba tatu. Ya kwanza jioni, saa moja baada ya kuzima gari: betri nzima inasoma kati ya 12.6 na 12.8, ikisoma 12.2 iko nusu. Ya pili asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, taa za ndani zikiwa zimezima. Ya tatu gari likiwa READY: inatakiwa kuruka hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na hiyo ndiyo sauti ya konvata ikisema iko kazini. Ya tatu ikiwa nzuri lakini ya asubuhi imeanguka sana, akuchomolee kile kidude cha kufuatilia gari kama kipo, arudie usiku wa pili. Ikianguka tena, yaelekea ni betri. Niletee hizo namba kabla hujampa mtu yeyote dola hata moja.